Mrija Ambao Dani Hakuambiwa

Kila alfajiri Lornah aliwasha moto, akapika uji na kumpelekea nyanya yake kitandani kabla ya kwenda shule. Walikuwa wawili tu pale Pap Onditi, kwa kuwa mama yake Lornah alifanya kazi Nairobi. Zamani yeye na Dani, kama alivyomwita nyanya yake, walipiga gumzo mpaka uji ukapoa. Tangu upasuaji wa Dani, Lornah aliweka kikombe na kuondoka mbio. Aliogopa maswali.

Mambo yalianzia hospitalini, Kisumu. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya mkojo kutoka kwenye figo ya Dani. Daktari Shitanda hakujua Kijaluo, naye Dani Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Wauguzi walikuwa mbioni siku hiyo, basi Lornah wa darasa la saba akawa mkalimani. Kazi nzito hiyo kwa mtoto.

Daktari alieleza kwamba baada ya kutoa jiwe angeacha mrija mwembamba ndani, ili mkojo upite huku kidonda kikipona. Kuna mrija wenye uzi unaotokeza nje. Huo huvutwa baada ya siku chache, ila unaweza kuchomoka kabla ya wakati. Usio na uzi hukaa majuma kadhaa, na lazima mgonjwa arudi utolewe kwa chombo. Ukisahaulika huota mawe na kuua figo.

"Muulize anataka upi," daktari akasema.

Dani alikuwa ameapa kwamba kitu cha hospitali hakitabaki mwilini mwake. Lornah alijua kwamba akisikia habari za mrija atarudi nyumbani na jiwe lake. Akamwambia kwa Kijaluo kwamba jiwe litatolewa na yataisha. Kisha akamgeukia daktari, macho chini.

"Anataka usio na uzi," akasema. Uzi, Dani angeuona.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ya Lornah ilikuwa ndefu na hakuwa na wa kutembea naye. Siku ya kurudi hospitalini ikapita. Dani akaanza kuumwa ubavu, na mkojo wake ukawa mwekundu. Akapunguza kunywa maji, akidhani ndiyo yanayomchokoza. Shuleni wenzake waliruka kamba; Lornah alikaa ukutani peke yake. Hata rafiki yake Jentrix alichoka kumwita. Upweke ulimla Lornah, na asubuhi ilipofika aliweka tena kikombe akakimbia.

Jumamosi moja alimkuta Dani mlangoni, amewafunga kuku miguu. Mmoja alikuwa wa kumpa jirani Milka, mwingine wa kumpa mchungaji. Alisema kwa utulivu kwamba jiwe limerudi na hospitali imeshindwa, kwa hiyo anagawa vyake mapema. Jembe lingekuwa la Lornah.

Lornah akapiga magoti. "Dani, si jiwe. Ni mrija. Daktari aliuacha ndani, na aliniagiza nikuulize unataka upi. Sikukuuliza. Nilikuchagulia."

Dani alimtazama. Hakumpiga wala kumfokea, na hilo lilimuuma Lornah zaidi. Mwishowe akawafungua kuku.

"Lete leso yangu," akasema. "Twende."

Mrija ulitolewa ukiwa umeanza kushika ukoko mweupe, kama ndani ya birika kuukuu. Daktari alisema wangechelewa zaidi, figo ingekufa. Akakiri kwamba naye alikosea kumtwika mtoto mzigo ule, akamwita muuguzi Dorca atafsiri maagizo ya nyumbani. Dani akainua mkono kumzuia.

"Huyu huyu aseme," akasema kwa Kijaluo, akimshika Lornah bega. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha yangu, nikaumwa peke yangu, nawe ukaumia peke yako. Mwili ni wangu, mjukuu wangu. Nipe habari yote, hata ile chungu. Woga wake niachie mimi."