Mkasi Begani mwa Nesi

Mama ni fundi wa nguo. Wateja humwita Mama Pindo. Anashona sebuleni kwetu, na mimi namtilia vifungo.

Jumamosi ile benchi lilijaa wateja. Nesi wa mtaani kwetu akaingia amevaa gauni aliloshonewa juzi. Akajitazama kwenye kioo. Akasema bega moja limepanda, jingine limeshuka, labda fundi alishona huku anasinzia. Wateja wakacheka.

Mama hakucheka. Alichukua mkasi mkubwa, akauinua karibu na shingo ya nesi. Nesi akafumba macho. Mama akashika mkono wa gauni, akaukata toka begani hadi kiwiko, gauni likiwa mwilini.

"Nimeshona mwenyewe, nafumua mwenyewe," alisema.

Nesi alijifunika bega kwa kiganja, akatoka. Nilikuwa nimejichoma sindano na sikusikia maumivu.

Jumatatu ikaja barua ya wakili. Nesi anadai fidia, la sivyo atafungua kesi ya madai. Mama aliisoma mara mbili, akakaa sakafuni. Fidia ikitushinda, cherehani ingeweza kuuzwa. Nikakimbia kumwita jirani yetu, karani wa mahakama. Yeye na Mama huitana shoga.

"Sikumtoa hata tone la damu, shoga," Mama alimwambia. "Niligusa nguo, sikumgusa yeye."

Karani akatikisa kichwa. Alisema makosa ni mawili. La kwanza ni kuinua mkasi. Ukimfanya mtu aogope kwamba utampiga sasa hivi, umemkosea hata usipomgusa. La pili ni kukata. Nguo iliyo mwilini huhesabiwa kama mwili wenyewe. Ukiishika kwa ubaya, bila ridhaa ya mwenyewe, umemshika yeye. Si lazima aumie.

"Na maneno yake je?"

"Maneno hujibiwa kwa maneno, shoga. Mkasi si ulimi."

Mama akanigeukia. Kisha akaniuliza kama na mimi niliogopa. Nikamwambia nilidhani anamchinja. Akaziba uso kwa kanga.

Kesho yake Mama na karani walikwenda kwa nesi. Mama alikiri, akaomba radhi. Wakakubaliana kwa maandishi mbele ya wakili: Mama atamshonea gauni jingine, na fidia atailipa kidogo kidogo. Kesi haikufunguliwa.

Wiki iliyofuata nesi alileta kitambaa. Alisimama mlangoni, haingii wala hatoki. Mama hakumsogelea. Akanipa mimi futi ya kupimia.

"Mpime wewe," alisema. "Mimi nitaandika."

Nikampima kifua, nikampima kiuno. Nilipofika begani, nesi aliuondoa mkono wangu taratibu.

"Hapa apime fundi mwenyewe."

Mama akainuka, akasimama hatua moja mbele yake.

"Nikuguse?"

Nesi akamsogezea bega.

"Niguse," alisema.