Barua Iliyomsema Mjomba

Asubuhi milimani ni baridi. Mama Theresia aliamka kabla ya jua, akachochea moto, akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa cha siku nyingi. Mwanawe Alois alikisikia kutoka uani, alipokuwa akipiga randa ubao wa mlango.

Alois alikuwa seremala. Ufundi alijifunza misheni, kwa bruda mmoja Mdachi, mtawa wa Kijerumani mwenye mkono mzuri na hasira za karibu. Huko aliunda mabenchi ya kanisa na madirisha ya shule. Alipoondoka, bruda alimwandikia cheti. Mama alikihifadhi ndani ya kibuyu kikavu, panya wasikifikie.

Hizo ni zamani za Wadachi. Reli ilikuwa imefika Morogoro, na stesheni ilikuwa ikijengwa. Habari zikapanda mpaka vilima vya Mkuyuni: anatafutwa fundi wa milango na madirisha. Anayetaka kazi alete barua.

"Baba, Morogoro si mbali," Mama Theresia alimwambia mwanawe. "Jumamosi utapanda kuja kuniona. Nikizidiwa, utaitwa, utafika."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Alois naye hakutaka zaidi ya hilo.

Alois alijua kuandika. Lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Basi alichukua karatasi, akaenda kwa Mjomba Yohana, kaka wa Mama Theresia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa. Barua hiyo ya kazi umeianzaje?"

"Nimeandika, 'Mimi Alois ni fundi seremala.'"

Mjomba akaguna. "Unajisifu mwenyewe? Mtu wa kwetu hajisemi. Husemewa na mjomba wake. Andika hivi: 'Ni mimi Yohana, mkubwa wa ukoo.'"

Mjomba akasema, Alois akaandika. Salamu peke yake zilikula nusu ya karatasi. Zikafuata migomba ya mjomba, mababu zake, na mwaka wa njaa alipolisha kijiji kizima. Mwisho kabisa wakaandika, "Nyumba yangu inaomba kazi yoyote." Jina la Alois likabanwa pembeni, chini.

"Na cheti cha bruda, mjomba?"

"Cheti cha nini? Jina langu halitoshi?"

Alois aliona kwamba mbao hazikutajwa hata mara moja. Akaikunja barua hivyo hivyo. Heshima ni kitu kizuri, lakini siku ile ilimponza.

Barua ikaenda. Mahindi yakakomaa, jibu hakuna. Alois akakitoa cheti kwenye kibuyu, akateremka mwenyewe mjini.

Stesheni alimkuta fundi mwingine akipachika dirisha. Dirisha halikufunga vizuri, kwa sababu miimo yake ilipinda. Alois aliliona hilo kwa mbali, na moyo ukamuuma.

Karani wa pale aliitwa Abasi, mtu wa mjini, mpole, mwenye kanzu safi na vidole vya wino.

"Bwana karani," Alois alisema, "nimefuata jibu la barua ya Mkuyuni. Ile ya Mzee Yohana."

"Aa, yule mzee! Hajambo? Tulimwonea huruma. Mkuu wa ujenzi alisema mzee kama yule apumzike, asije akapanda ngazi akaanguka."

"Lakini mwombaji ni mimi!"

Abasi akamtazama kwa mshangao. "Ndugu yangu, mbona hukusema? Migomba ya mjomba wako naijua yote. Wewe unajua kufanya nini, sijui mpaka sasa."

Alois akampa cheti. Abasi akakisoma, akashika kichwa.

"Laiti ningekiona hiki! Nafasi hii ingekuwa yako. Sasa imekwenda. Iko kazi nyingine, lakini ni Kilosa, reli inakoelekea."

Alois akamkumbuka mama yake na kikohozi chake. Machozi yakamlengalenga. Alimkasirikia mjomba, akajikasirikia mwenyewe zaidi. Lakini nyumbani chumvi ilikuwa ya kuazima.

"Nionyeshe nilipokosea," alisema.

"Salamu zako zisizidi mstari mmoja," Abasi alimwambia. "Kisha sema wewe ni nani na unapatikana wapi. Taja kazi moja unayoitaka. Ukisema kazi yoyote, msomaji hajui akuweke wapi. Eleza ulichokitengeneza, na mahali kilipo, mtu aweze kwenda kukiona. Cheti ukiambatishe."

"Niseme najua na kujenga kwa matofali?"

"Unajua?"

"Nimeona wakijenga."

"Basi usiandike. Watakukabidhi ukuta siku ya kwanza, uaibike."

"Na hii si kujisifu?"

"Kusema kweli ya mikono yako si kujisifu. Mjomba wako ni mtu mkubwa, lakini si yeye atakayeshika randa."

Alois akaandika upya. Barua ilikuwa fupi. Abasi alimsomea kwa sauti, wakasahihisha, wakaipeleka. Safari hii jibu halikukawia. Kazi akapata.

"Nenda, baba," Mama Theresia alisema, ingawa macho yake hayakusema hivyo.

Huko Kilosa, Alois alifanya kazi nzuri, akawekwa juu ya maseremala wengine. Chumvi na nguo za nyumbani hazikuazimwa tena. Lakini masika ilipokuja, mama alizidiwa. Alois aliitwa kama mama alivyosema, ila Kilosa si Morogoro, na mito ilikuwa imejaa. Alifika wakati kaburi limeshafunikwa. Kitu cha mwisho alichomtengenezea mama yake ni msalaba.

Alilia sana. Mjomba Yohana alikaa kando yake.

Matanga yalipokwisha, akaja Leonard, mpwa mwingine wa mzee, mshonaji wa nguo. Alitaka kuomba kazi misheni, naye alishika karatasi.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja unisemee."

Mjomba Yohana akakohoa kidogo, akajiweka sawa. "Andika hivi: 'Ni mimi Yohana...'"

Akakatiza. Aliutazama msalaba wa kaburi la dada yake kule mteremkoni. Kisha akaichukua karatasi mkononi mwa Leonard, akampa Alois.

"Mwambie mwenzako unajua kushona nini," alimwambia Leonard. "Mimi nilishasema vya kutosha."