Alama za Penseli

Mota ilikuwa moja, na mikono iliyoishika ilikuwa minne.

"Samahani, mwalimu," alisema mwanamume. "Hii nimeiona mimi kwanza."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye sweta. Na unanitazama kama nimechelewa paredi."

Ilikuwa Januari ya mwaka wa tisini na nne, Jumamosi, mjini Meru kwa muuza vyuma chakavu, nyundo zikilia kila upande na oili iliyoungua ikinuka. Wawira alikuwa amemtembelea shangazi yake kule Kaaga. Alipitia hapo kutafuta mota ya waipa ya gari kwa sababu Embu nzima, alikofundisha, aliambiwa hakuna. Alivaa sketi ya marinda na sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe. Mwanamume alikuwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikanyooka, na viatu vilivyojaa matope mekundu ya Kanyakine.

"Wasichana wangu wanatengeneza mkono wa mashine," Wawira alisema bila kuiachia mota. "Mkono huo una jicho dogo la kutofautisha nyekundu na kijani. Unachagua kahawa mbivu, mbichi unaziacha. Vidole vinasukumwa na maji kwa mabomba ya sindano. Kiwiko ndicho hakina nguvu."

Mwanamume aliachia. "Mimi ni Murithi. Nafundisha fizikia kule Kanyakine. Ichukue, lakini nipe namba ya simu ya shule."

"Umpigie mwalimu mkuu?"

"Niulize hali ya kiwiko."

Akauliza kila Ijumaa saa kumi, kutoka kibanda cha simu cha posta. Wawira alipokelea ofisini kwa Tabby, sekretari, ambaye alijifanya anapiga taipu na mashine haikuwa na karatasi.

"Haloo! Kiwiko hakijambo?"

"Kinainuka. Lakini kidole gumba kinavuja."

"Pole zake. Na mwenyewe?"

"Mwenyewe havuji."

"Wawira, sarafu zinaisha. Sema upesi kama umenikumbuka."

"Nime—"

Simu ikakatika.

"Ungeanza na hilo, madam," Tabby alisema.

Aprili walitembea pamoja mjini Embu, wakala mahindi ya kuchoma, na Murithi akasema kongresi ya sayansi, yale mashindano ya shule, ikiisha ataleta wazee wake nyumbani kwa kina Wawira. Kwa furaha Wawira aliunguza ulimi.

Wasichana walikuwa watano. Aliyewaongoza ni Njoki wa kidato cha tatu, binti wa wachuma kahawa, vidole vyake vimejaa alama za moto wa risasi ya kulehemu. Kufika Julai mkono ule ulichagua punje kumi kwa dakika bila kukosea hata moja.

Julai hiyo ndipo walipokutana na uchafu wa mashindano.

Kwenye kongresi ya mkoa waamuzi walikuwa walimu, na Murithi alikuwa mmoja wao. Desturi ilikuwa hivi: alama unaandika kwa penseli, sahihi unaweka kwa wino. "Ili makosa yarekebishike," wakubwa wa elimu walisema, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza makosa ya nani. Murithi alisimama mbele ya mkono wa Njoki dakika ishirini, uso umekaza kama hakimu, akaandika, akatia sahihi.

Mshindi alitangazwa. Ilikuwa "roboti" ya shule wanakosoma watoto wa wenye majina: kigari cha kuchezea kutoka duka la Nairobi, kimevishwa katoni na kupakwa rangi ya fedha, stika ya duka imebanduliwa nusu. Kilizunguka mara mbili, kikagonga meza, kikalala. Wakubwa walikipigia makofi kwa mikono inayometa mafuta ya mbuzi. Wasichana wa Embu walikuwa nyasini, wanatoa wadudu kwenye githeri baridi ya mahindi na maharagwe.

Wawira aliomba karatasi ya alama. Ishirini na sita kwa hamsini. Chini yake, kwa wino wa buluu, sahihi aliyoijua vizuri kutoka kwenye barua zilizo chini ya mto wake.

"Ishirini na sita, Murithi?"

Aliitazama karatasi, akaiinua kwenye mwanga. "Niliandika arubaini na sita. Angalia, hiyo nne imefutwa. Bado inaonekana."

"Basi waambie. Wako pale. Sema!"

Murithi aligeuka kutazama meza ya wakubwa. Mmoja alikuwa anajichokoa meno, na ndiye aliyeshika faili la kumpandisha Murithi cheo.

"Mpenzi, tuongee kesho. Hapa kuna watu."

"Watu gani? Wale wanaopangusa mafuta kwenye vyeti vya watoto?" Wawira aliikunja karatasi. "Hukufuta wewe. Wewe uliwashikia karatasi."

Ijumaa zote zilizofuata simu ililia.

"Mwambie sipo."

"Anasema amekusikia ukisema hupo," Tabby alijibu.

Njoki aliufungua mkono skrubu moja moja, akautia katonini chini ya meza ya maabara. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Februari iliyofuata Tabby alikuja mbio hadi maabara, kiatu kimoja mkononi.

"Madam! Umesikia ya huko Meru? Mtu wako amepewa tena kazi ya kuamua, kongresi ya wilaya. Akaivunja penseli vipande viwili mbele yao. Akaandika kwa biro, akapanda juu ya benchi, akasoma alama zote kwa sauti. Halafu akatoa kidaftari na kusoma za mwaka jana. 'Mkono wa wasichana wa Embu, arubaini na sita. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka cheo.' Hivyo hivyo!"

"Na wao?"

"Wiki haijaisha, barua ya uhamisho. Kiambere, kule kwenye ukame."

Njoki ndiye aliyeunganisha mkono tena. "Mpelekee, madam," alisema. "Lakini usimsamehe haraka."

Kiambere jua lilichoma hadi kwenye nyayo. Nyaya za umeme wa bwawa zilipita juu ya bati la shule kwenda kuwamulikia wengine, na shuleni hapakuwa na balbu hata moja. Mbuzi alilala kwenye dawati la mbele. Murithi alikuwa amekonda, ila suruali yake ilikuwa imenyooka vilevile.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuona kama bado unanyamaza. Ulichukua miezi saba."

"Najua. Nilihesabu kila Ijumaa."

"Njoki hatarudishiwa mwaka wake."

"Najua hilo pia."

Wawira aliweka katoni mezani. Kando yake akaweka karatasi, penseli na biro.

"Aprili ile ulisema neno. Liandike. Chagua cha kuandikia."

Murithi alichukua biro. Aliandika: Nataka kumwoa Wawira binti wa Kivuti, akikubali, hata akibaki na hasira. Akaweka sahihi.

"Weka tarehe," Wawira alisema. "Wanaweza kuibadilisha hiyo pia."

Aliiweka. Wawira akatia sahihi yake chini. "Na hasira inabaki."

Waliunganisha mota na betri ya gari, wanafunzi wakasongamana dirishani. Kiwiko kiliinuka. Kidole gumba kikavuja juu ya karatasi, na wote wawili wakainama kutazama. Wino ulitanuka kidogo pembeni, lakini kila neno lilisomeka.