Hodi ya Shangazi Mwanne Kwenye Kioo

Kila asubuhi, akishafagia uwanja na kumwagia maji vumbi la Dodoma, ambalo lilirudi kabla ndoo haijakauka, Salwa alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtoto mwingine wa darasa la sita pale Majengo aliyekuwa nayo. Aliingia sebuleni, akatoa mkanda wa video wa jana kwenye deki, akaingiza mwingine na kubonyeza kitufe chekundu. Basi nyumba yao ikaanza kujitazama.

Mambo hayo yaliletwa na tairi za baiskeli. Baba yake, Mzee Harithi, alikuwa na duka la vipuri karibu na soko, na ghala lake lilikuwa chumba cha ndani, mlango wa pili kutoka sebuleni. Ilikuwa ile miaka ambayo biashara ilifunguliwa, na kila aliyepata nauli ya Dubai alirudi na kitu ambacho mtaa haujawahi kukiona. Wezi nao hawakubaki nyuma. Mmoja aliruka ukuta akaondoka na tairi saba, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba alizivaa shingoni kama shanga na kuondoka akiimba kaswida.

Mzee Harithi akaagiza kamera za nje, moja ya kutazama geti na nyingine ya kutazama barabara. Baadaye akaongeza za ndani, moja sebuleni na moja ghalani. Mama yake Salwa alikubali kwa sharti moja, kwamba uani na jikoni, ambako wanawake hukaa bila mitandio, zisisogee.

"Kamera itakayochungulia uani kwangu," alisema, "nitaitwanga kinuni pamoja na karanga."

Shida ikawa kwamba za nje zilikuwa na televisheni yake na za ndani zilikuwa na yake. Ukitaka kumfuata mtu kutoka getini hadi ghalani, ulikuwa ukigeuza shingo huku na huku kama kuku anayetafuta yai lake. Ni Salwa aliyemuuliza fundi Kefa kwa nini zote zisiingie kwenye kioo kimoja. Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka. Wiki iliyofuata alikuja na kisanduku cheusi, akaziunganisha waya zote humo, na kioo kikagawanyika vipande vinne: nje viwili juu, ndani viwili chini.

"Lakini elewa, binti," fundi alimwambia, "vyote vinne vinaingia kwenye mkanda kwa pamoja. Huwezi kufuta kimoja ukaacha kingine. Ni kama mchuzi, nyanya ikishaiva humo haitoki."

Salwa alijibu kwamba hilo ndilo alilolitaka. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwenye mashine. Wazazi wake hawakujua hata kitufe cha kuwashia.

Ikafika likizo ya mwezi wa sita. Siku moja baba alikuwa dukani, na mama alikuwa amekwenda kuchambua mchele kwenye nyumba ya arusi. Salwa alijilaza kwenye kochi, bakuli la mihogo ya kukaanga kifuani, akitazama kioo. Kwenye kipande cha geti akatokea mwanamke mwenye furushi kichwani na tetea kwapani. Alikuwa Shangazi Mwanne, dada mkubwa wa baba, kutoka Haneti.

Salwa alimpenda shangazi yake, ila kwa mbali. Shangazi akifika, likizo imekwisha. Aliamsha nyumba nzima kabla jogoo hajakohoa, akagawa kazi kama nyapara, na akimsuka mtu nywele, mtu huyo alilala siku tatu macho wazi kwa jinsi ngozi ilivyovutika. Na sauti yake! Watu wa Haneti husimulia kwamba siku moja alimwita mbuzi wake, na lori la mahindi lililokuwa likielekea Kibaigwa likafunga breki.

"Hodi wenyewe," shangazi aliita.

Salwa hakujibu. Alimtazama akiupapasa ukuta kwa kiganja, kisha geti, kisha ukuta tena, kama mtu anayecheza. Salwa akacheka peke yake. Shangazi alipiga hodi ya pili, akasubiri. Akapiga ya tatu, safari hii kwa upole. Shangazi Mwanne alikuwa mtu wa dini na adabu zake. Hodi ni tatu, na asiyeitikiwa huondoka bila kinyongo. Akajitwisha furushi lake, akageuka, akatoka kwenye kipande cha geti. Salwa akaenda jikoni kuongeza chumvi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama baba yake alipoingia, hata salamu hakungoja. Aliuliza kama shangazi amefika.

"Hajafika, baba," Salwa alisema.

"Wala hujasikia mtu akipiga hodi?"

"Sijasikia."

Mzee Harithi akakaa, kisha akasimama tena. Kondakta wa basi la Haneti alikuwa amepita dukani na kumwambia kwamba alimshusha Mwanne pale kona mchana na kumwelekezea geti. Mama, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anarudi, alishika mdomo. Ndipo Salwa aliposikia jambo ambalo watu wazima wenyewe walilijua jana tu. Shangazi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na mwaka mzima alikuwa amewaficha watu, anatembea kwa mazoea. Madaktari wa macho waliokuwa wanapita hospitalini kwa siku chache walikuwa wameandika jina lake. Upasuaji ni kesho asubuhi, na wao walikuwa wakimtarajia jioni, akiwa na mtu wa kumshika mkono. Asiyeonekana kesho atasubiri mpaka watakaporudi, na hakuna aliyejua ni lini.

"Mji huu Mwanne haujui zaidi ya njia ya nyumba hii," baba alisema. "Akivuka reli peke yake?" Akachukua baiskeli, akasema anakwenda stendi, kisha msikitini, kisha popote.

Salwa alisimama karibu na deki. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa ikiwaka. Humo ndani mlikuwa na njia aliyoipita shangazi baada ya kutoka getini, kwa sababu kamera ya barabara ilikuwa inatazama huko. Humo humo alikuwemo yeye na bakuli lake. Alijua la kufanya kama angetaka kujiokoa: kurudisha mkanda nyuma, kurekodi upya juu yake, na hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angeweza kumuuliza. Baba alikuwa tayari ameshika usukani wa baiskeli, anafungua geti.

"Baba, usiende stendi," Salwa alisema. "Njoo tuangalie mkanda. Lakini humo nimo na mimi."

Walitazama wote watatu, wamesimama. Juu, shangazi akafungua mdomo bila sauti, akapapasa ukuta. Chini yake, wakati huo huo, Salwa alionekana amelala kwenye kochi akimtazama, anatafuna, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hapakuwa na haja ya mtu kueleza chochote. Mama aligeuza uso. Baba hakumtazama Salwa, alisema tu, "Endelea."

Shangazi akaingia kwenye kipande cha barabara. Alisimama katikati ya njia, baiskeli mbili zikamkwepa. Kisha akaja mwanamke mwenye mwavuli, akamshika mkono, wakaondoka pamoja upande wa kulia. Picha haikuwa na rangi, na uso haukuonekana.

"Namjua," Salwa alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa. "Ule mwavuli una ujiti mmoja umevunjika, umening'inia kama bawa la kuku. Hupita hapa kila siku akitoka ofisini. Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga."

Walikwenda kwa haraka, nusu wakikimbia. Nyuma ya mashine ya kusaga walimkuta Shangazi Mwanne kwenye kigoda, chai mkononi, na tetea amefungwa mguuni pa meza. Mwenye nyumba aliitwa Raheli, karani kutoka Mbeya, hata mwezi hajamaliza mtaani. Alikuwa amevaa viatu tayari, anajiandaa kwenda kuulizia msikitini kama yupo anayemjua Harithi.

"Nilipiga hodi tatu, kimya," shangazi alikuwa akieleza. "Nikajua macho yamenidanganya, nimekosea nyumba."

Salwa alipiga magoti mbele yake. "Shikamoo, shangazi. Hukukosea nyumba. Nilikuwepo, nilikuona, nikanyamaza. Na baba aliponiuliza nikamdanganya."

Shangazi aliuliza, "Uliniona vizuri?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hii kanga mpya imenipendeza?"

Raheli alishindwa kujizuia, akacheka. Baba hakucheka. Alianza kusema atakavyomwadhibu, lakini shangazi alimkatiza, akasema kesi hii ni yake, mwenye kuachwa juani ni yeye, na hukumu ataitoa mwenyewe akishamwona mtuhumiwa.

Asubuhi Salwa ndiye aliyemshika mkono kwenda hospitalini. Ndiye pia aliyemlisha na kumwongoza kwenda kutawadha kila swala. Siku daktari alipofungua bendeji, shangazi alipepesa macho, akatazama dirisha, akamtazama muuguzi, kisha akamtazama Salwa kwa muda mrefu.

"Umekuwa mrefu," alisema. "Sasa sikiliza hukumu yako. Ulifanya makosa mawili. Uliniacha mlangoni kwa uvivu, na ukamdanganya baba yako kwa woga. Kosa la kwanza lilinipoteza mtaani. La pili lingeninyima macho haya. Kilichoniokoa ni kwamba ulisema kweli ukijua itakuumbua, tena kabla hujakamatwa. Kweli ya namna hiyo ndiyo yenye maana, mwanangu. Anayeisema baada ya kubanwa hajasema kitu. Ukikosea tena, na utakosea, isubiri aibu, usiikimbie, na usichelewe."

"Nimeelewa, shangazi," Salwa alisema, akanyoosha mkono kumshika kama alivyozoea.

Shangazi aliutazama mkono ule, akaurudisha taratibu kwa mwenyewe. Akajitwisha furushi, akatangulia mlangoni bila kupapasa ukuta, na Salwa akamfuata nyuma.