Matope ya Msitu Wenye Mwenyewe

Mama mmoja alikuwa mlezi wa watoto wadogo. Kila asubuhi majirani waliwaacha watoto wao kwake, kisha wakaenda kazini. Sebule yake ilikuwa finyu. Uani mumewe, fundi seremala, alipiga randa, na misumari ilizagaa kila mahali. Watoto walibanana ndani, wakagombana na kuumana.

Siku moja aliwapeleka kwenye msitu ulio nyuma ya nyumba. Walichimba udongo, wakafinyanga sufuria za matope, wakarudi wachafu na wenye furaha. Hata binti yake wa mwisho, aliyekuwa mwoga wa kusema mbele ya watu, alirudi akiimba. Tangu hapo walikwenda kila siku.

Siku moja afisa misitu aliwakuta. Wakati huo watoto wakubwa walikuwa wameziba kijito kwa mawe na matope. Wengine walikuwa wanabandua gome la mti ili watengeneze mashua. Afisa, mwanamke wa makamo, hakufoka. Aliwaambia waondoke, wasirudi mpaka wapate kibali.

Jioni mume wa mama alimshauri wapite upande wa pili, ambako afisa hafiki.

"Baba watoto," mama alisema, "nikiwafundisha kujificha, nitakuwa nimewafundisha nini?"

Kesho yake alijipiga moyo konde, akaenda ofisi ya misitu. Aliuliza kosa lake, kwani kuuliza si ujinga. Afisa alimweleza kwamba kila msitu una mwenyewe: serikali, kijiji au mtu binafsi. Huu ulikuwa wa serikali. Kupita njiani kuliruhusiwa kwa wote. Lakini kuleta kikundi kila siku, kuchimba na kukata kulihitaji ruhusa. Msitu mwingine ungeweza kuwa na masharti mengine, kwa hiyo ni lazima kuuliza kwanza.

"Basi kosa langu ni kibali tu?" mama aliuliza.

"Twende ukaone, dada."

Walishuka pamoja kufuata kijito. Chini yake kulikuwa na kitalu cha bibi mmoja anayeotesha miche. Maji yalipozibwa hayakumfikia, na miche mingi ilikuwa imenyauka. Mama aliona aibu. Aliomba radhi, akashika ndoo, akamsaidia bibi kumwagilia mpaka mikono ikamuuma. Baadaye waliuzibua mkondo.

Njiani afisa alimwonyesha ule mti uliobanduliwa. "Gome ni kama ngozi yako," alisema. "Chakula cha mti hupitia humo. Ukilibandua kuuzunguka mti wote, mti hufa."

Mama aliomba kibali, akapewa pamoja na masharti. Wangecheza kwenye uwazi mmoja mkavu, mbali na kijito na miche michanga. Wangetumia matawi yaliyokwisha anguka. Wasingewasha moto. Kila shimo lingefukiwa kabla ya kuondoka. Maji ya kufinyangia matope angeyabeba mwenyewe kwa madumu kutoka nyumbani.

Ilibaki ridhaa ya wazazi. Aliwaita wote, akawaeleza hatari na kinga: watoto wavae viatu, wenye vidonda wasiguse matope, na kila mmoja anawe kwa sabuni kabla ya kula. Baba mmoja mwenye duka alikuja juu kama moto wa kifuu. Alisema nguo za mwanawe zingeharibika.

"Matope hutoka kwa sabuni, shemeji," mama alimjibu. "Woga hautoki kwa sabuni."

Watu walicheka. Mwenye duka alikubali shingo upande, ila akaleta kaptura kuukuu kuliko zote alizokuwa nazo.

Kazi haikuwa nyepesi. Madumu yalikuwa mazito, na watoto walisahau masharti mara kwa mara. Mama hakuchoka kuwakumbusha. Ikawa wanasahihishana wenyewe, na binti yake mwoga ndiye aliyewashinda wote kwa sauti.

Mvua zilipokaribia, afisa alikuja bila taarifa. Aliwakuta watoto wamejipanga kwenda nyumbani, matope mpaka kwenye nyusi. Alitazama huku na huku. Hakukuwa na shimo wala gome lililobanduliwa.

"Leo mmecheza wapi?" aliuliza.

"Hapo hapo uliposimama," mama alijibu.

Afisa aliinamisha kichwa, akaitazama ardhi chini ya viatu vyake. Kisha aliwaambia kesho waje tena.