Blanketi la Magauni ya Marehemu

Mgeni alibisha hodi wakati wanawake watatu wamekaa sakafuni, kila mmoja na vipande vya nguo mapajani. Hawakumtarajia mtu. Chumba chao kilikuwa nyuma ya duka la ushonaji, na wateja walizoea kuishia mbele.

"Karibu, pita," alisema mwenye duka. Watu walimwita Pindo, kwa sababu alianza kazi kwa kupinda suruali za wanafunzi.

Mwanamume aliingia. Kucha zake zilikuwa na rangi ya ukutani, nyeupe na kijani. Alikumbatia mfuko kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Samahanini, dada zangu. Nimeambiwa hapa mnashona mablanketi ya viraka."

"Hujapotea," alijibu Mama Pacha. "Ila hapa kila mtu na mtindo wake. Mimi napenda mistari. Nakata vipande virefu, napiga cherehani, mara blanketi limesimama. Shangazi ni wa mkono. Alianza kushona ile nyota yake mimi sina mvi hata moja."

"Itakapoisha hutakuwa na meno," alisema Shangazi bila kuinua macho. "Ncha moja ya nyota ikipotoka, zote zinapotoka."

"Mimi ni wa miraba," alisema Pindo, akionyesha blanketi la buluu ukutani. Alikuwa amelishona mwaka mzima, alipeleke kwenye maonyesho ya washonaji.

Mgeni hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na magauni.

"Ni ya mke wangu. Amefariki."

Wanawake waliweka sindano chini. "Pole sana, kaka."

"Asante. Sikuja kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya mama yake, mama mkwe. Kila asubuhi anayatoa, anayakunja, anayarudisha. Sasa shemeji yangu, mwanawe wa kiume, anakuja kumchukua akakae kwake, mbali. Chumba atakacholala ni kidogo, mfuko huu hauna pa kukaa. Mama amesema kama magauni haya yatagawiwa watu, yeye haondoki."

Pindo alipokea mfuko kwa mikono miwili. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Atakuwa nayo yote, tena atajifunika."

Kazi ilianza vizuri. Magauni yalikuwa laini kwa kufuliwa miaka mingi. Lililopendeza zaidi lilikuwa la manjano, limepauka kidogo. Pindo alikata miraba. Kisha alinunua kitambaa kipya chekundu cha kutenganisha miraba hiyo.

"Umekifua hicho?" aliuliza Shangazi.

"Kipya hiki, Shangazi. Kina uchafu gani?"

Shangazi alitaka kusema neno, akarudi kwenye nyota yake.

Miraba yote ilipokwisha kuunganishwa, Pindo alinyunyiza maji juu yake na kushika pasi, kama alivyozoea kwa suruali. Mvuke ulipanda. Aliinua pasi. Wekundu ulikuwa umetoka kwenye kitambaa kipya na kuingia kwenye miraba ya gauni la manjano. Doa lilikuwa linatambaa mbele ya macho yake.

Gauni lile halikuwa la kununuliwa tena popote.

"Shangazi! Njoo!"

Shangazi alikuja, kastabini bado iko kidoleni. Alikuwa amefanya kazi ya udobi hospitalini hadi akastaafu.

"Weka pasi mbali. Usilianike."

"Nataka kulichemsha, doa litoke."

"Ukilichemsha umelizika. Moto unaifungia rangi ndani ya uzi. Lete maji baridi, mengi. Kwanza fumua hicho chekundu likiwa bado bichi. Usiache likauke."

Walifumua wote watatu, wakiloweka na kubadilisha maji kila yalipogeuka mekundu. Walipaka sabuni, wakasuuza, wakarudia. Doa lilififia, likafifia tena. Lakini pale pasi ilipokuwa imegusa, mraba mmoja ulibaki na uwaridi hafifu.

"Kitambaa kipya kina rangi iliyozidi," alieleza Shangazi. "Ukikilowesha, kinachuja. Tena kikifuliwa mara ya kwanza kinapungua ukubwa. Gauni kuukuu limeshapungua zamani. Ukiunganisha hivyo viwili, kimoja kitavuta na kingine kitajikunja."

"Kumbe!" alisema Mama Pacha. "Ndiyo maana lile blanketi la mtoto wa jirani lilijikunja kama uso wa mtu aliyelamba limau."

"Kwa hiyo kipya fua kwanza, peke yake. Kisha lowesha pembe yake, kandamiza juu ya kitambaa cheupe. Cheupe kikibaki cheupe, endelea. Kikipata rangi, fua tena. Kikikataa kabisa, kiache. Na hizi nguo zilizochakaa, zishikize kitambaa chepesi kwa nyuma kabla ya kukata, zisichanike."

"Kwa nini hukuniambia, Shangazi?"

"Nilikuuliza, ukanijibu. Nikaogopa utasema mzee anajitia kujua."

Pindo aliukamua ule mraba wenye doa.

"Usimwambie yule baba," alisema Mama Pacha. "Macho ya mzee yataona nini?"

"Anayakunja kila asubuhi," alisema Pindo. "Ataona."

Alikwenda nyumbani kwa yule mwanamume na mraba ule mkononi. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani katikati ya mizigo iliyofungwa. Mwanamume, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba, alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nikipaka ukuta, nasubiri rangi ya kwanza ikauke ndipo nipake ya pili," alisema. "Wewe umeshindwaje kusubiri?"

"Nimekosea, kaka. Sina la kujitetea."

Mama mkwe alichukua kile kipande, akapitisha kidole gumba juu yake kwa muda mrefu.

"Gauni hili alilipenda," alisema hatimaye. "Naye hakuwa na subira. Mnafanana. Litaisha lini? Mimi kesho naondoka."

"Mama, nikikimbilia tena nitaharibu tena. Vitambaa vifuliwe, vikauke. Wewe tangulia. Jumapili nitakuletea mwenyewe, mkononi mwako."

"Watu huahidi wakiwa mlangoni. Wakifika kwao wanasahau."

"Mimi nitakuja."

Alikuwa ameshafika barabarani alipokumbuka. Jumapili ndiyo siku ya maonyesho.

Safari hii Pindo alichagua kitambaa cha kijani. Alikifua, akakijaribu kwenye kitambaa cheupe. Cheupe kilibaki cheupe. Alitandika tabaka tatu: miraba juu, pamba katikati, shuka chini. Akazishikiza pamoja kwa bandi kuanzia katikati kwenda nje, blanketi lisijikunje. Tangu siku hiyo ndoo iliwekwa mlangoni mwa kile chumba, na hakikuingia kitambaa kipya bila kupitia humo.

Jumapili asubuhi Mama Pacha alimkuta anafunga mzigo.

"Nenda kesho! Siku moja tu, mzee hatakasirika."

"Nilisema Jumapili."

"Na hili la buluu? Mwenye kazi asipokuwepo, kazi yake haitandikwi. Unajua sheria yao."

"Basi lisitandikwe."

"Mwaka mzima, Pindo!"

Pindo alilitoa blanketi la buluu ukutani, akalikunja, akaliweka kabatini. Alifunga mlango wa kabati taratibu, kisha akaenda stendi.

Alisafiri kwa basi hadi jua likapinduka, akamalizia kwa miguu. Alimkuta mzee kibarazani, mikono mitupu mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mzee alimtazama kama haamini. "Ni wewe?"

Pindo alilitandaza blanketi magotini pake. Lilitulia, halikuvuta popote. Mkono wa mzee ulipita mraba kwa mraba, midomo yake ikitaja bila sauti: hili la kazini, hili la harusi ya jirani. Kwenye mraba wenye uwaridi mkono ulisimama.

"Hapa."

"Hapo, mama. Ningeweza kuuondoa. Lakini ni wa gauni lake."

Mzee alijifunika hadi kifuani, ingawa jua lilikuwa bado kali. Kisha aligeuka, akamwita mke wa mwanawe aliyekuwa ndani.

"Mwanangu, mletee mgeni maji ya kunywa," alisema. "Huyu ametoka nyumbani."