Sentensi ya Leo

Kila asubuhi kinasambali, mtambo mdogo wa kupokea na kutuma ujumbe, kilichobandikwa jikoni kwa Mwalimu Nyamizi kililia mara moja kikaonyesha namba mbili: ya ukurasa na ya mstari. Zilikuwa zimesafiri karibu saa nzima kutoka chombo cha anga kilichouzunguka mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii. Nishati ya chombo kile ilikuwa haba, hivyo kila mwanaanga aliruhusiwa kutuma nyumbani namba mbili tu kwa siku. Nyamizi, aliyekuwa Tabora, aliweza kuandika barua ndefu apendavyo, maana mitambo ya duniani haikosi nguvu.

Namba mbili zilimtosha mumewe, Maganga, aliyekuwa huko angani. Kila mmoja wao alikuwa na nakala ya kitabu kilekile, mwongozo wa kale wa ufugaji nyuki, na mchezo wao tangu uchumba ulikuwa huu: fumba macho, funua popote, gusa. Iliyoguswa ndiyo sentensi ya siku, na mwenzako lazima aitafutie maana katika maisha yake, hata kama haina kichwa wala miguu, kisha akuambie. "Mizinga isipangwe karibu na zizi la mbuzi" iliwahi kumfanya Nyamizi ahamishe kitanda. Walicheka wiki nzima.

Mwezi Machi mama yake Nyamizi alifariki. Alimwandikia mumewe, na kesho yake namba zikamfikisha hapa: "Malkia akifa, kundi lote hunyong'onyea." Alilia, akakibusu kitabu. Alipoandika kwamba nyumba imekuwa kimya, akajibiwa: "Mzinga ulio kimya si mzinga mtupu." Alipolalamikia uchovu: "Baada ya mavuno, waache nyuki wapumzike." Walimu wenzake walimwonea wivu, kwamba kitabu kimeanza kusema naye.

Lakini Nyamizi alifundisha hesabu, na somo la wiki ile lilikuwa uwezekano. Akiwa mbele ya darasa, swali likamshika. Kitabu kina mistari elfu sita. Vipi siku kumi na tisa mfululizo jibu limkae kama nguo ya kupimwa? Kabla ya hapo sentensi za Maganga hazikuwahi kulingana na hali yake hata mara moja, na yeye hakuwa mtu wa kufumbua jicho kidogo ili achague. Katika mchezo ule alikuwa mkali kuliko refa.

Siku hiyo aliandika uongo: nimeteguka mkono. Asubuhi namba zikamjibu: "Palipovimba pakandwe kwa maji baridi." Akafunga kitabu, akatoka.

Kwenye kituo cha mawasiliano ya anga alipokewa na mkuu wa zamu, Bwana Lufungulo.

"Kaka, nani ananichagulia sentensi?"

Lufungulo alitazama kikombe chake cha chai. "Kuna mtambo, Mwalimu. Tunauita kiliwazo. Unasoma barua za familia, halafu unachagua jibu linalofaa katika kitabu chenu."

"Sijauliza habari za mtambo. Mume wangu yuko wapi?"

Lufungulo alimweleza kwa sauti ya chini. Chumba cha hewa kilipata hitilafu. Wenzake Maganga watatu walipona, yeye hakupona. Ilikuwa siku mbili kabla ya msiba wa mama yake Nyamizi. Wakubwa waliamua familia ya Maganga isiambiwe mpaka chombo kirudi.

"Tulidhani tunakufariji, Mwalimu."

"Mmenifariji," alisema Nyamizi. "Siku zote hizi namwandikia marehemu, namshukuru kwa kunielewa." Akatoa kalamu. "Namba zake za mwisho, alizotuma mwenyewe, ni zipi?"

Zilikuwa themanini na nane, na sita. Siku ile Nyamizi alikuwa hospitali na mama, hakuzitazama kabisa.

Alirudi nyumbani, akafunua. "Tazama mchoro wa nane." Akautazama. Ulikuwa mchoro wa kifuniko cha mzinga, na vipimo vyake kwa sentimita. Basi. Hapo hapakuwa na faraja wala kwaheri, ila kidole cha Maganga kilichoangukia popote.

Kisha macho yakamwenda jikoni, kwenye sufuria ya maharage aliyoiacha wazi, jambo ambalo Maganga alimgombezea miaka yote ya ndoa yao. Kifuniko! Nyamizi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akainuka, akakishika kinasambali ili amwambie. Alikuwa ameshaandika mstari wa kwanza ndipo alipokumbuka.